Mottainai si Ubahili

Utani juu ya Wapare unaujua. Eti Mpare akiibiwa kuku atauza ng'ombe ili apate nauli ya kwenda mahakamani kumdai kuku wake. Eti Mpare akikukaribisha chai, sukari inaonyeshwa tu kikombe, haiingii. Hayo yote nimeyasikia, maana mimi ni mzaliwa wa Kihurio, wilaya ya Same, na ukishatoka nje ya Same, ukitaja kwenu tu, washikaji wanaanza kucheka kabla hujamaliza sentensi. Sina ugomvi na utani. Watani ni ndugu. Lakini utani ukirudiwa sana watu huuchukua kuwa historia, na hapo ndipo nilipoona nichukue kalamu.

Kilichonipa la kusema ni neno moja la Kijapani: mottainai. Hutamkwa karibu kama linavyoandikwa, ila pale penye t mbili ulimi unasimama kidogo, kama mtu aliyetaka kusema jambo akasita. Anayeanza kujifunza Kijapani hakutani nalo siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni salamu, asante, na kuhesabu mpaka kumi. Mottainai linakuja baadaye, kwenye kitabu cha pili hivi, pale mwanafunzi anapoacha kutaja majina ya vitu na kuanza kusema vitu hivyo anavionaje. Kamusi itakuambia kuwa maana yake ni upotevu, au kitu kupotea bure. Ukiishia hapo utakuwa umepata tafsiri, neno lenyewe bado. Neno hili lina kwao, lina safari zake, na baadhi ya safari hizo zilipita hapa hapa Afrika Mashariki.

WAJAPANI BONDENI

Kihurio iko chini ya milima ya Upare ya kusini, upande wa mashariki, kwenye barabara inayotoka Same kupitia Kisiwani, Maore na Ndungu, kisha ikaendelea Bendera hadi Mkomazi. Ukiinua macho unaona milima ya kijani yenye mawingu. Ukiyateremsha unaona nyika. Mvua ya maana inanyesha juu, sisi wa chini tunaishi kwa maji yanayoteremka. Kwa hiyo kwetu mpunga ni habari ya mfereji kuliko habari ya mvua, na mwenye kuharibu mfereji ana kesi na kijiji kizima.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa serikali ya Japani, ilijengwa skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, kwa majirani zetu. Ni hekta 680, maji yake yanatoka Mto Yongoma. Kabla ya hapo Wajapani walikuwa wameshaingia Moshi, ambako mradi mkubwa wa tambarare ya chini ya Moshi, wenye hekta kama 1,100 za mpunga, ulikamilika mwaka 1987. Mwaka 1994 kikaanzishwa pale Chekereni chuo cha kilimo kinachojulikana kwa herufi zake, KATC, na wakulima wa mikoa mingi wamepita hapo kujifunza mpunga.

Walileta nini? Walileta majaruba yaliyosawazishwa mpaka maji yanalala kama kwenye sahani. Walileta kupanda kwa mistari, watu wawili wanavuta kamba na wengine wanafuata kwa miche. Walileta kipalizi cha kusukuma kwa mikono, na pawatila zikachukua nafasi ya jembe. Pesa zililetwa, saruji ikaletwa, na wataalamu pia. Ila neno la Kijapani hatukuliokota hata moja.

Jambo hili linashangaza ukilitazama kihistoria. Wareno waliondoka wakatuachia meza na leso. Wajerumani walitawala kwa miaka isiyozidi 35, wakaacha shule. Waingereza ndio usiseme, baiskeli, sketi, skrubu, kila kitu. Mjapani naye ametuletea redio, pikipiki, magari na majaruba, lakini mkulima wa Ndungu hana neno la kwao mdomoni. Sababu yake naiona hivi. Wengine walikuja tukajifunza maneno yao, Wajapani walikuja wakajifunza ya kwetu. Vijana wao wa kujitolea wamekuwa wakija Tanzania tangu mwaka 1967, na wengi wao walizungumza Kiswahili shambani na darasani. Kule Osaka Kiswahili kinafundishwa chuo kikuu. NHK, redio ya Japani, imetangaza kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Tena hata pale fikra za Kijapani zilipoingia moja kwa moja, ziliingia zimevaa kanzu ya kwetu. Katika hospitali zetu, kuanzia Mbeya mwaka 2007, ulienezwa utaratibu wa kazi wenye maneno matano ya Kijapani yanayoanza na S: seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Waliotafsiri hawakukubali kuipoteza ile S. Wakaandika ukutani: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kaizen peke yake ndilo neno lililopenya likabaki na sura yake, nalo linakaa zaidi maofisini na viwandani.

Mottainai halikubandikwa ukutani. Lakini kuna mzee mmoja jirani yetu ambaye ujanani alifanya vibarua Ndungu wakati wa ujenzi na misimu ya kwanza ya kupanda. Nilipomuuliza kama anakumbuka neno lolote la Wajapani, alicheka, akasema yapo mawili: la asante, na lile la miche.

"La miche lipi, babu?"

"Motainai. Ukiacha miche juani ukaenda kula, ukirudi utasikia: motainai, motainai. Hagombi. Anaisikitikia ile miche."

"Lina maana gani?"

Akafikiri kidogo. "Maana yake, mwanangu, ile miche imeonewa."

Imeonewa! Nimepitia maelezo mengi ya neno hili, na bado sijaona tafsiri inayoishinda hiyo.

NENO LENYEWE

Tulifungue sasa. Neno lina vipande viwili. Nai ni "hakuna", "haipo". Mottai ni neno la zamani lililokua katika dini ya Wabudha, likiwa na maana ya uzito wa kitu, hadhi yake, ule ukamilifu unaokifanya kiwe kitu. Mottainai, basi, ni hadhi iliyokosekana. Katika maandishi ya kale lilitumika zaidi kwa mambo matakatifu: mtu akifanya utovu wa adabu mbele ya kilicho kitukufu, hilo lilikuwa mottainai. Polepole likashuka kutoka hekaluni hadi jikoni, likaanza kusemwa juu ya wali uliobaki, maji yaliyomwagika, kitambaa kilichotupwa. Lakini liliposhuka halikuacha heshima yake huko juu.

Ndiyo maana leo lina matumizi mawili ambayo mgeni akiyaona kwa mara ya kwanza anadhani ni maneno mawili tofauti.

La kwanza ni hili: kitu bado kinafaa, na kinaachwa kipotee. Kwa Kijapani utasema mada tsukaeru no ni, mottainai, yaani bado kinatumika, halafu kinatupwa, mottainai. Unaweza kulisema hata juu ya kisichoshikika. Jikan ga mottainai, muda unapotea bure. Mwenye kipaji cha kuandika anayeshinda kijiweni akibishana mpira, naye atasikia mottainai, hata kama hakutupa chochote.

La pili ni pale mtu anapopewa kikubwa kuliko anavyostahili. Umesifiwa mbele za watu na mkubwa wako, unainamisha kichwa na kusema kuwa maneno hayo ni mottainai kwako, yaani hadhi yake ni kubwa, mimi sifikii. Na washikaji wa Tokyo, kama washikaji wa popote, wanalitumia kwa masihara. Mwenzao akioa binti mzuri na mwenye akili, watasema: kare ni wa mottainai, kwa jamaa yule binti ni mottainai. Hapo hakuna kilichotupwa jalalani. Ni mizani tu imekataa kulingana.

Ukiyaunganisha matumizi hayo mawili utaona ni jambo moja. Kila kitu kina uzito wake, na binadamu ameshindwa kuufikia. Ama amekitupa, ama amepewa naye hakitoshi.

Sarufi yake nayo inafundisha. Mottainai ni kivumishi, na hubadilika kwa wakati: ya jana ni mottainakatta. Lakini angalia kinachovumishwa. Ni wali, ni maji, ni muda, au ni kile kitendo cha kutupa. Anayepoteza hatajwi. Wajapani wana neno jingine kabisa kwa mtu anayebana mkono, nalo ni kechi. Kechi ndiye bahili wetu. Anayeitwa kechi hasa ni mtu. Unaweza kuwa kechi na usiwe na mottainai hata chembe: bahili anayeacha chakula kioze stoo kuliko kumpa jirani ni kechi, na chakula kile ni mottainai. Maneno hayo mawili yanaweza kugombana ndani ya nyumba moja.

Na sisi je, Waswahili, tunasemaje? Maneno tunayo, tena mengi. Tuna hasara, lakini hasara hutazama mfuko. Tuna ubadhirifu na israfu, ila hayo humtazama mtendaji na kumshtaki. Tuna kuharibu, ambalo hutazama kitendo. Wazee wa Kiislamu, pwani na hata kwetu bondeni, wakiona wali umemwagwa husema mmekufuru neema, na hapo anayetazamwa ni Mwenyezi Mungu aliyetoa. Pengine la karibu zaidi ni lile wanalosema akina mama wakiona chungu kimeungua: "Masikini, chakula chote hiki!" Masikini ni nani hapo? Si mpishi. Ni chakula. Mzee wa Kihurio aliposema miche imeonewa alikuwa anazungumza lugha hiyo hiyo.

PUNJE NA KAZI THEMANINI NA NANE

Mpunga ndio unaolionyesha neno hili vizuri zaidi. Watoto wa Kijapani hufundishwa kutobakiza punje kwenye bakuli, na wazee wana hadithi ya kuwaeleza kwa nini. Herufi inayoandikwa kwa maana ya mchele, ukiichambua mistari yake, inatoa tarakimu nane, kumi na nane, yaani themanini na nane. Basi husema kila punje imepita kazi 88 za mkulima. Mwaka 2004 mwandishi Mariko Shinju alitoa kitabu cha picha cha watoto kiitwacho Mottainai Baasan, habari za bibi anayewafuata watoto nyumbani na neno lake hilo kila wanapoacha bomba wazi au kubakiza chakula.

Kwetu hatuna herufi ya namna hiyo, lakini kazi tunazijua. Kuzibua mfereji. Kuandaa kitalu. Kulima, kuvuruga tope, kusawazisha. Kung'oa miche, kupanda. Kupalilia mara ya kwanza, kupalilia mara ya pili. Kulinda zamu ya maji usiku wa manane na tochi. Kuamia ndege tangu alfajiri, maana kwelea kwelea hana Jumapili. Kuvuna, kupiga, kupepeta, kuanika, kubeba, kukoboa. Hesabu mwenyewe kama hazifiki 88. Mtu aliyepita humo, ukimwona anainama kuokota punje zilizodondoka kwenye mkeka, wewe wa mjini unasema "Mpare huyo." Umemtazama mtu. Yeye alikuwa anatazama punje.

MAMA WANGARI

Safari kubwa ya neno hili katika upande wetu wa dunia ilikuja mwaka 2005. Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mwanzilishi wa Green Belt Movement ya mwaka 1977, alikuwa ametunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Februari 2005, mwezi ambao Itifaki ya Kyoto ilianza kutumika, alialikwa Japani. Katika mazungumzo yake na gazeti la Mainichi akalisikia neno mottainai, akaelezwa maana yake, na akalishika hapo hapo.

Kilichomvutia ni kwamba watu wa mazingira walikuwa wakihubiri mambo matatu kwa maneno matatu: punguza, tumia tena, rejesha kiwandani. Yeye akaona mottainai linayabeba yote matatu na kuongeza la nne, heshima, kwa ardhi na kwa vitu vitokavyo ardhini. Machi 2005, katika kikao cha Umoja wa Mataifa juu ya hali ya wanawake kule New York, alilipeleka neno hilo jukwaani na kuwataka wajumbe walitamke pamoja naye. Likaanzishwa kampeni ya Mottainai kwa kushirikiana na gazeti lile. Aliendelea kulisema kila alipokwenda, hadi alipofariki Septemba 2011.

Sisi vijana tunaotaka kuandika tusilipite hili haraka. Mama wa Nyeri, ambaye Kijapani hakikuwa lugha yake, alilichukua neno la jikoni akalifanya neno la dunia. Magazeti ya Japani yakaandika, watu wakaanza kulizungumzia upya neno walilolizoea mpaka wakaacha kulisikia. Neno halina hati ya kumiliki kama shamba. Anayelielewa na kulitumia vizuri amelipata, awe amezaliwa nalo au amejifunza ukubwani.

Na lilipokuja huku lilikuta mambo yake yanamngoja. Mama Wangari alipenda kutoa mfano wa mifuko laini ya plastiki, iliyotumika kwa dakika kumi na kubaki mitaroni kwa miaka. Zanzibar ilikuwa ya kwanza kwetu kuchukua hatua, mwaka 2006. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Vikapu vikarudi sokoni.

ANAYESEMA NI NANI?

Tusilipambe neno, hata hivyo. Historia ya kweli ina upande wake mchungu, na maneno ya kubana matumizi yana hatari yake, kwa sababu wakubwa huyapenda.

Japani yenyewe ni shahidi. Mwaka 1940, katika miaka ya vita, mabango yalipandishwa mijini yakisema anasa ni adui. Watu walitakiwa kutoa vyuma vya majumbani, na kengele za mahekalu zikayeyushwa kwa ajili ya silaha. Mottai, ile hadhi ya kengele, haikuulizwa. Na Japani ya amani na utajiri nayo haikuwa malaika: kwa hesabu za serikali yao, mwaka 2018 chakula kilichokuwa bado kinafaa kuliwa na kikatupwa kilifika tani milioni 6. Mwaka 2019 wakatunga sheria ya kupunguza upotevu huo. Kumbe kuwa na neno si sawa na kulitii.

Kwetu pia. Baada ya vita vya Kagera, mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wazazi wetu wanasimulia kuwa miezi 18 ilipita na mikanda ikabaki pale pale: foleni za sukari na sabuni, unga wa njano, sare ya shule iliyoshonwa kwa kitambaa cha kubahatisha. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Wakati ule katambuga za matairi na koroboi za makopo zilikuwa kila mahali. Je, ilikuwa mottainai ile? Mimi naona hapana, si yote. Mtu asiye na kiatu kingine havai katambuga kwa kuheshimu tairi, anavaa kwa sababu miguu inaungua. Heshima huanza pale mtu anapokuwa na uwezo wa kutupa na asitupe. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuhubiria mottainai, kwanza tazama sahani yake.

Wapare wanalijua hilo siku nyingi. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni na machifu walileta kodi mpya iliyoitwa mbiru, ya kukadiria mali ya kila mtu. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka milimani wakaenda Same na kupiga kambi kuipinga. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mwenye asili ya Upare, ameiandika habari hiyo vizuri. Watani wangesema: si mnaona, wabahili wamekataa kulipa! Lakini watu wale hawakukataa kodi yote. Kodi ya kiwango kimoja waliikubali. Walichokataa ni kukadiriwa na watu wasioona jasho lililoko ndani ya ng'ombe mmoja. Na neno mbiru, lililokuja kama jina la kodi, limebaki katika historia kama jina la kuikataa kodi hiyo. Maneno hubadilisha wenyewe, kama mottainai lilivyobadilisha.

NDIVA

Sasa nirudi kwenye maji, maana hapo ndipo penye jibu langu kwa watani.

Muda mrefu kabla ya Mjapani kufika Ndungu, Wapare walikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa dogo linalochimbwa mlimani, kwenye njia ya kijito. Kijito chenyewe mara nyingi ni chembamba, ukikiachia moja kwa moja mferejini maji yananywewa na udongo kabla ya kufika shambani. Basi usiku, watu wamelala, maji yanakusanywa ndani ya ndiva. Asubuhi inazibuliwa, maji yanatoka kwa nguvu, yanafika shamba la mbali. Kila mtu ana zamu yake, na zamu ina msimamizi. Mwenye kuiba maji hutozwa faini. Kabla ya msimu hupigwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu, tope linazolewa na mfereji unasafishwa. Ukienda Bangalala, upande wa magharibi wa milima, utaziona ndiva ambazo watafiti wa maji wametoka mbali kuja kuzisoma.

Huo ndio ubahili wa Mpare, ndugu zangu. Ni ubahili wa maji yanayopita usiku bila mtu wa kuyatumia. Waliochimba ndiva hawakuwa wanamnyima mtu. Walikuwa wanamgawia aliye chini, ambaye bila hivyo asingepata tone. Kechi hujenga ukuta kuzunguka chake. Ndiva hujengwa na watu wote, na mlango wake hufunguliwa kila asubuhi.

Kule chini ya Moshi historia ilitoa fundisho upande wa pili. Mpunga ulipostawi, wakulima wa juu ya mradi nao wakaupenda, wakafungua majaruba yao na kuyachepusha maji. Si ajabu, kila mtu anataka kuvuna. Lakini maji yakapungua kwa walio ndani ya mradi, na sehemu ya majaruba yale yaliyosawazishwa kwa gharama kubwa ikakosa maji ya mpunga. Saruji ilikuwepo, kilichopungua kilikuwa makubaliano. Ndiva bila msaragambo hujaa tope ndani ya misimu michache, na mfereji wa saruji bila zamu inayoheshimiwa ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na anayesema tumeletewa mottainai kutoka Japani. Tulikuwa tunaliishi. Tulichokosa ni neno moja la kulitaja, na kwa kukosa neno tukaacha wengine watutajie, wakachagua ubahili. Ndiyo faida ya kujifunza lugha ya mbali: siku moja unakuta imekupa jina la kitu kilichokuwa nyumbani kwenu muda wote.

Na faida hiyo inadai malipo. Ndiva na msaragambo ni maneno ya Chasu, na vijana wengi wa Kipare waliokulia Dar, Tanga na Arusha hawayajui. Sisi tunaojifunza Kijapani, Kiingereza na Kifaransa tunaweza kumaliza kitabu cha pili cha lugha ya watu na tusiweze kumuuliza bibi, kwa lugha yake, jina la ule mlango wa ndiva unaozibuliwa asubuhi. Bibi anajua. Maneno yake bado yanafaa, yako mazima, na hakuna anayeyatumia. Mjapani ana neno la hali hiyo, na sasa nawe unalo.